Udongo wa Mtaro wa Tatu

Mwalimu wetu wa jiolojia, Mwingereza, alitufundisha kutia udongo kinywani kabla hajatufundisha kitu kingine chochote. Ilikuwa siku ya pili tangu tufike chuoni. Alitupanga uani, vijana kumi na mmoja, akapita na bakuli la bati lenye udongo uliolowekwa kidogo. Kila mmoja alitakiwa kuchukua kiasi cha tonge dogo, kuutafuna kwa meno ya mbele, kisha kusema alichokisikia. Ukikwaruza meno, una mchanga. Ukiteleza kama siagi, ni mfinyanzi. Yeye mwenyewe alitangulia. Alitafuna, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, akatema katika leso yake nyeupe, akaikunja vizuri na kuirudisha mfukoni. Baadaye, jua lilipopanda, nilimwona akiitoa leso ile ile na kujifutia uso.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, kijana wa Msambweni, niliyelelewa na mama aliyeosha mchele kwa maji matano kabla ya kuupika. Kwetu kinywa kilikuwa kitu cha kutunzwa, hakitiwi kila kitu. Nilitafuna ule udongo, nikasema, “Mfinyanzi, bwana,” naye akanipiga bega kwa furaha. Nikaenda nyuma ya bweni nikasukutua mpaka fizi zikauma.

Chuo chenyewe kilikuwa nyumba moja ndefu ya matumbawe na paa la mabati, ukitoka Msambweni kuelekea Gazi, pamoja na bweni na jiko lililokuwa wazi pande mbili. Kilifunguliwa katika ile miaka ya hamsini Waingereza walipokuwa wakipekua vilima vya Kwale kutafuta madini, wakahitaji vijana wa kubeba vyombo, kuchora ramani na kulitambua jiwe hili na lile. Mama alipoambiwa nimepata nafasi chuoni alifurahi sana, akidhani ni chuo cha Kurani kama kile nilichosoma utotoni. Nilipomweleza kwamba huko tunasomeshwa habari za mawe, aliuliza, “Mawe yana nini cha kusomwa?”

Kwa wiki za mwanzo sikulitafuta jibu. Nilikuwa nikihangaika na harufu. Mwalimu alikuwa akienda mwambani maji ya bahari yakitoka, akivunja matumbawe mabichi na kuyaleta darasani yakiwa bado na viumbe ndani yake. Aliyapanga kwenye meza ndefu dirishani ili yakauke, lakini kabla ya kukauka yalioza. Yalitoa maji ya kijani yaliyotiririka mezani hadi sakafuni, na nzi walitua juu yake na halafu juu ya madaftari yetu. Maharagwe ya jikoni yalikuwa na wadudu, ukila unawasikia wakivunjika. Na katikati ya hayo mwalimu alisimama mbele yetu, macho yanang'aa, akitueleza kwamba pwani yote tunayoikanyaga imeumbwa kwa mizoga ya viumbe wadogo wa baharini iliyorundikana zama kwa zama. Wenzangu walistaajabu. Mimi nilizifikiria nyumba za kwetu, ukuta wa msikiti, jiwe alilokuwa akikalia mama akisuka ukili wa mikeka, nikafunga daftari langu.

Siwezi kumsingizia, hakuwa mtu mbaya. Nilipopata homa alikuja bwenini mwenyewe na kwinini, akakaa kitandani pangu mpaka nikaimeza. Alizipenda kazi zake kama watu wengine wanavyopenda watoto. Na mimi, pamoja na kuchefuka kwangu kote, nikawa mwanafunzi wake hodari kuliko wote. Nilijua kuonja. Alama nilizopata zilinilevya, na kila aliponisifu nilitafuna udongo zaidi.

Aliyenifanya niweze kukaa pale ni mwenzangu wa kitanda cha pili, Mduruma kutoka Kinango, Mkristo, kijana mrefu aliyekuwa amechunga ng'ombe wa babake hadi alipoota ndevu. Yeye hakuchukizwa na lolote. Alikula maharagwe na wadudu wake, akanicheka nikiyachambua.

“Wewe unatapika kwa sababu umezoea maji,” aliniambia siku moja. “Sisi kwetu tungeuona udongo umelowa hivi, tungeimba.”

Alikuja kusoma kwa jambo moja tu: alitaka kujua maji yanakaa wapi chini ya ardhi ya kwao. Mengine yote aliyachukua kama mtu anayepita njia ya watu.

Nafasi yangu ya chuo nilitafutiwa na baba mdogo, ndugu wa baba yangu aliyekuwa ameshafariki. Alikuwa nyapara wa vibarua wa pale chuoni. Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye kanzu isiyopata kuonekana na doa, na sauti ya upole ambayo hakuna aliyeibishia. Mwalimu alipotaka mahali pa kuchimba, alimwuliza yeye.

Mtaro wa kwanza na wa pili ilichimbwa nyuma ya chuo, na haikutoa kitu ila mchanga. Mwalimu alitaka mahali penye tabaka zinazoonekana vizuri, tuzichore. Baba mdogo akatupeleka kwenye mwinuko mmoja karibu na mikoko, uliofunikwa na vichaka.

“Hapa hapana mwenyewe, bwana,” nilimsikia akisema. “Hapalimwi, hapachungwi. Chimba upendavyo.”

Haikunipitia akilini kuuliza kwa nini ardhi nzuri namna ile, karibu na njia, isilimwe na mtu.

Vibarua walianza asubuhi. Walipofika kiunoni, mwalimu alituita tushuke mtaroni, tuonje kila tabaka na kuandika. Juu palikuwa na udongo mweusi wa majani. Chini yake palikuwa na mwekundu wa kukwaruza. Halafu likaja tabaka moja la kijivu, nene kama godoro, laini ajabu, lenye kitu kama mafuta. Mwalimu alifurahi.

“Huu umekuwaje laini hivi?” alituuliza. “Nani atanieleza?”

Nilitaka niwe mimi. Nikauonja. Sikupata jibu, nikachukua tonge jingine, nikauzungusha ulimini taratibu. Nikasema huenda ulikuwa mfinyanzi ulioletwa na maji ya mto wa zamani. Aliniambia ni jibu zuri sana.

Baada ya adhuhuri sururu ya kibarua mmoja iligonga kitu. Alidhani ni mzizi wa mkoko, akauvuta. Ulikuwa mfupa wa paja. Wa pili ukatoka karibu yake, kisha taya lenye meno yote, meno meupe mazuri ya mtu ambaye hakuwa amezeeka. Mifupa ilikuwa mingi, imelaliana bila mpango, si kama watu waliozikwa bali kama kuni zilizomwagwa. Yote ilikuwa ndani ya lile tabaka la kijivu. Na kwenye mfupa mmoja mwembamba, juu kidogo ya kifundo cha mguu, palikuwa na pete ya chuma iliyoliwa na kutu.

Vibarua walitoka mtaroni mmoja mmoja bila ya kuambiwa, wakasimama mbali. Baba mdogo alitazama chini, akasafisha koo, akaenda kusimama kivulini. Mwalimu yeye aliruka ndani kama mtoto aliyeona maji.

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa mtaro. Ulimi wangu bado ulikuwa na ule utelezi. Nilitapika palepale, mbele ya watu, nikatapika mpaka kikawa hakitoki kitu, na bado mwili ukawa unasukuma. Yule mwenzangu wa Kinango alinishika kichwa.

“Uliuonja mara mbili,” alisema polepole. Hakuwa akinikejeli. Alikuwa akinihurumia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mifupa ililetwa chuoni ndani ya makarai. Mwalimu aliiosha mwenyewe barazani kwa mswaki na maji ya sabuni, kwa upole, jino kwa jino, huku akipuliza mluzi. Aliianika juu ya magazeti. Kila mfupa aliuandika namba kwa rangi nyeupe na brashi nyembamba. Fuvu moja aliliweka juu ya meza yake darasani, namba yake kwenye paji la uso, na ile pete ya chuma akaigandamizia karatasi zake ili upepo usizipeperushe. Wiki hiyo nilikula wali mkavu tu. Sima sikuweza kuitazama, kwa vile inavyoteleza.

Siku chache baadaye tulifundishwa tindikali. Ukidondosha tindikali juu ya jiwe la chokaa au tumbawe, huchemka na kutoa povu. Udongo wa mfinyanzi haukuchemka, jiwe la vilimani halikuchemka, tumbawe lilichemka sana. Mwalimu akatafakari kidogo, akachukua mfupa mmoja katika sanduku, wa mkono, akauweka mbele yangu.

“Na huu je? Wewe utatuonyesha.”

Nilimtazama. Alikuwa anangoja kwa hamu, hana shaka yoyote kwamba nami nina hamu. Nikachukua kidude cha kudondoshea. Nikadondosha. Kulikuwa na povu dogo la kijivu, sauti kama ya samaki akianza kukaangwa, na harufu kali ya tindikali, na chini yake harufu nyingine, nzito, kama ya kisima kilichofunikwa miaka mingi. Wenzangu waliinama wakaandika. Na mimi nikaandika: huchemka kidogo. Nilipata alama zote. Nilikaa nikiutazama mkono wangu wa kulia, huu ninaolia chakula, nikautamani usiwe wangu.

Mwenzangu wa Kinango hakuandika. Alinyoosha mkono.

“Bwana, hawa watarudishwa lini?”

“Kina nani?” mwalimu aliuliza, akageuka kuangalia mlangoni.

“Hawa,” akasema, akaonyesha sanduku.

“Aa, mifupa! Hii itapelekwa Nairobi, na baadaye labda Uingereza. Huko watafurahi sana kuiona.”

Jumamosi iliyofuata tulikwenda, mimi na yeye, nyumbani kwa baba mdogo. Nilikuwa na hakika atatusaidia. Tulimkuta barazani anakunywa kahawa, na sahani ya halua mbele yake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni. Masomo hayajambo?”

“Hayajambo, alhamdulillahi. Baba, tumekuja kwa habari ya ile mifupa. Tunaomba useme na mwalimu, izikwe. Wewe anakusikiliza.”

Aliweka kikombe chini. Alikata kipande cha halua, akakitia kinywani, akatafuna hadi kikaisha ndipo akajibu.

“Wale si watu wetu.”

“Ni kina nani?”

“Ni watumwa. Zamani walikuwa wakishushwa hapa kungojea vyombo vya baharini. Waliokufa walitupwa pale. Hawakuoshwa, hawakusaliwa. Si Waislamu wale, wala si jamaa wa mtu. Ni kama kung'oa visiki tu, mwanangu. Usijisumbue.”

“Kwa hiyo ulijua kabla hatujachimba?”

“Kila mtu mzima wa hapa anajua,” alisema, akatabasamu. Vidole vyake viling'aa mafuta ya halua. Akatusogezea sahani. “Kuleni.”

Mwenzangu alisimama, akasema, “Ahsante, mzee, nimeshiba,” akaenda kuningoja njiani. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mkubwa akikupa chakula hukikatai. Nilichukua kipande, nikakitia kinywani mwangu, kikateleza. Nilikimeza. Katika mambo yote niliyomeza mwaka ule, hilo ndilo linalonirudia mpaka leo.

Mwenzangu alirudi chuoni, mimi nikapitia kwa mama. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimwambia yote, ya mtaro na ya tindikali, na ya baba mdogo. Sikumwambia ya kuonja.

“Alisema si jamaa wa mtu? Kwa kinywa chake?”

“Kwa kinywa chake, mama.”

Aliacha kukuna. Akakiweka kifuu cha nazi chini.

“Bibi yako,” alisema, “aliyemzaa baba yako na akamzaa huyo baba yako mdogo, aliletwa hapa mtoto, kutoka Nyasa. Aliletwa pamoja na mamake. Yeye akachukuliwa na watu wa hapa akakaa. Mamake hakupanda chombo wala hakukaa. Alifia hapo.”

“Hapo wapi?”

“Hapo mnapochimba.”

Nilishika nguzo ya mlango.

“Baba mdogo anajua?”

“Anajua! Bibi yako alikuwa akienda kupafagia kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani, akimchukua yeye, ndiye kitinda mimba. Nami nilikwenda naye mara mbili nilipoolewa. Alikuwa akifagia, kisha anakaa tu, hasemi. Alipofariki, baba yako mdogo akaacha kwenda. Akaoa kwa wakubwa, akajipatia na ukoo wa waungwana.”

Nilikuwa kijana wa kujivunia hesabu zangu, na hesabu hii haikuhitaji karatasi. Mama wa bibi yangu. Udongo laini, wenye kitu kama mafuta, niliouzungusha ulimini mara mbili ili nisifiwe. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikajitia vidole kooni, nikijua vizuri kwamba siku zimepita na hakuna cha kutoka.

Niliporudi ndani mama alikuwa amefungua kasha lake. Alitoa bafta nyeupe iliyokunjwa, ile aliyojiwekea mwenyewe kwa siku ya maziko yake.

“Mama, hii ni sanda yako.”

“Nitapata nyingine,” alisema.

Usiku ule nilirudi chuoni nikamweleza mwenzangu aliyoyasema mama, tukakubaliana la kufanya. Jumapili mwalimu alikuwa na desturi ya kwenda Diani kuogelea, akirudi jioni. Vibarua hawakuwa kazini. Wanafunzi wengine walikuwa wamekwenda sokoni au walikuwa wamelala. Chumba cha vielelezo, ilimowekwa mifupa, hakikuwa na kufuli. Nani angeiba mifupa? Tuliyabeba masanduku mchana kweupe, mimi na mwenzangu, safari tatu, na lile fuvu la mezani nikalifunga kwenye shati langu. Pete ya chuma mwenzangu aliitupa mikokoni kwa nguvu zake zote.

Mama alitukuta mtaroni amebeba bafta chini ya buibui. Nilimwambia wanawake hawaji maziko.

“Nani wa kunikataza?” alijibu. “Huyo baba yako mdogo?”

Tulijaribu kufuta zile namba kwa mchanga na maji, hazikutoka zote. Tulichana bafta vipande, tukafunga tulivyoweza. Hatukujua nani ni nani, wala ni wangapi. Mwenzangu aliniuliza wasomewe nini, nikasema sijui walikuwa dini gani. Basi mimi nikasoma Fatiha, na yeye akasali sala yake ya Baba Yetu kwa Kiduruma, na mama akakaa chini kwenye udongo. Kisha tukaufukia mtaro. Kufukia ni kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mwenzangu alifanya sehemu kubwa, kwa jembe la kuazima, huku akiimba nyimbo zake za kanisani bila ya kupatia sauti. Mikono yangu ilijaa malengelenge yaliyopasuka.

Jumatatu asubuhi mwalimu alitupanga uani, mahali pale pale alipotufundisha kuonja. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa, na nilimchukia kwa hilo, kwamba uso ule hakuwa nao siku tulipoikuta mifupa.

“Nani amefanya jambo hili?”

Mwenzangu alitoka mstarini. “Mimi, bwana.”

Naapa niliinua mguu. Niliuinua. Lakini baba mdogo alikuwa amekwisha kuitwa kwa ajili ya mtaro uliofukiwa, na alikuwa amesimama pembeni na kanzu yake safi. Akasogea mbele.

“Ni huyu Mnyika, bwana,” alisema kwa sauti yake ya upole. “Hawa watu wa nyika hawana ustaarabu, wana mambo yao ya mizimu. Mwanangu hakuwapo. Jana alikuwa kwa mamake mchana kutwa, mimi ni shahidi.”

Mwalimu alinigeukia. “Ni kweli?”

Nilikuwa nimeshaweka mikono yangu nyuma, kuficha malengelenge. Nakumbuka nilivyoona kila kitu kwa wakati mmoja: cheti, kazi, ramani ambazo zingekuwa na jina langu chini yake. Nakumbuka pia macho ya baba mdogo yakinihimiza, kama yalivyonihimiza nile halua.

“Ndiyo, bwana,” nilisema.

Mwenzangu hakuniangalia usoni. Aliangalia mabega yangu, mahali mikono ilipokuwa imepinda kwenda nyuma, halafu akaangalia mbele. Aliambiwa afungashe siku ile ile. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshika njia na sanduku lake la bati kichwani. Nilisimama mlangoni mwa bweni nikamwona akienda. Sikutoka.

Mwalimu alitaka mtaro ufukuliwe upya. Vibarua hawakukataa, ila kesho yake mmoja alikuwa na homa, wa pili amefiwa, wa tatu mguu unamuuma, na keshokutwa vivyo hivyo, mpaka mwalimu akachoka akaenda kuchimba mahali pengine. Baba mdogo alimwendea mama kumsimulia alivyoniokoa, kama mtu aliyeleta habari njema. Nilipokwenda nyumbani mwisho wa wiki, mama alinipakulia chakula, akaweka sahani chini mbele yangu, akasema, “Kula,” akaingia chumbani kwake. Maisha yake yote alikuwa akikaa nami nikila.

Nilimaliza masomo. Nilikuwa wa kwanza. Nilipewa cheti na kazi ya kuchukua vielelezo vya matope huko Vanga na Jego, ndani ya mikoko, maji yakiwa magotini, kila hatua ikitoa mapovu yenye uvundo wa mayai viza. Watu wa Jego waliniuliza natafuta nini, nikawajibu kwamba serikali inataka kujua. Jioni niliandika namba kwenye vifuko kwa rangi nyeupe. Haukutimia mwaka, nikaacha. Nilikuja kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nikafundisha jiografia bila ya kumwambia mtoto yeyote aonje kitu.

Lakini kabla ya kuacha kazi nilipata likizo ya siku nne, nikaitumia kwenda Kinango. Ilinichukua muda kumpata. Alikuwa amejenga mbali na barabara, ana mke, ana ng'ombe wachache waliokonda na shimo kubwa la kisima ambalo halijafika majini. Alitoka ndani ya shimo lile alipoitwa, amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Aliponitambua hakukunja uso wala hakufurahi. Alinawa mikono, akanipa kiti.

Mkewe alileta uji wa mtama na maziwa. Tuliongea habari za mvua. Mwishowe nilisema nililokwenda kusema, nikalisema vibaya, kwa maneno mengi: hofu, mama, baba mdogo, cheti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Sikukasirika kufukuzwa,” alisema. “Mimi ndiye niliyesema ‘mimi’, sikulazimishwa na mtu. Na ungesema na wewe, tungefukuzwa wawili, ingefaa nini?”

“Basi umenisamehe?”

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli, si wa kukawiza jibu kwa adabu.

“Yule mzee alisema sina ustaarabu, nawe ulikuwa umesimama hapo. Ulikuwa unajua kwamba tuliyemzika ni mama wa bibi yako. Mimi sikuwa na mtu pale. Mimi nilifukia kwa ajili yako.” Alisimama, akatazama ng'ombe wake. “Siku zitapita. Lakini leo bado.”

Nilikunywa uji wote, kwa kuwa mkewe alikuwa akinitazama. Jua likapinduka, nikaomba ruhusa ya kwenda. Kwetu pwani, na kwao pia, mgeni hasimami akaenda peke yake. Hata umchukie, unamsindikiza hatua chache mpaka penye njia, ndipo mnaagana. Yeye alinipa mkono pale pale uani, mkono mgumu wenye udongo kwenye mistari ya kiganja, akaniambia nifike salama. Kisha akashuka shimoni mwake. Nikasikia sururu ikianza kugonga, nami nikaenda mpaka barabarani, mwendo wa saa nzima, bila ya mtu.